Nyumba Tano kwa Siku Moja

Mtaa wetu hapa Accrington, mji wa Lancashire, ni wa matofali mekundu, na nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta. Ukipiga chafya, jirani anakujibu. Ukuta wangu wa kushoto ni wa Norris Kershaw na mkewe, Hilda. Nimekaa nao miaka mingi. Birika lao likipiga mluzi asubuhi, mimi ndiyo naamka.

Kila asubuhi Norris hupika chai, akatia maziwa, akampelekea Hilda sebuleni. Siku hizi Hilda analala sebuleni. Kiharusi kilimpata mwaka jana, kikamchukua mguu na mkono wa kushoto. Sasa anakaa kwenye kiti cha magurudumu, anachokisukuma kwa mkono na mguu wa kulia. Ngazi za kwenda chumbani kwake hawezi kupanda. Mlango wa mbele nao una vidato vitatu, kisha barabara.

Hilda akitaka kutoka, Norris hugonga ukuta. Naenda. Yeye anashika nyuma, mimi nashika mbele, tunamshusha kama kabati.

"Taratibu jamani," Hilda husema. "Nina vioo."

Tunacheka. Lakini siku moja hakucheka. Aliniambia, "Jirani, sitaki makubwa. Nataka siku moja nitoke mlangoni bila kumwomba mtu."

Basi wakatafuta nyumba isiyo na ngazi. Wakaipata kule juu, karibu na bustani ya mji. Ilikuwa ya Mzee Holt, mjane wa kiume, aliyetaka kuhamia pwani karibu na dada yake. Mlango wake uko sawa na ardhi. Bafu ni pana. Nyuma kuna majani na mawaridi. Siku alipoiona, Hilda alizidi kugeuka kuitazama mpaka walipokata kona. Alikuwa ameipenda mno.

Nyumba yao wenyewe nayo ikapata mnunuzi, binti mmoja anayeitwa Kayleigh. Kayleigh ni dereva wa basi na alikuwa anakaa nyumba ya kupanga. Dalali akapiga simu. "Bei imekubaliwa pande zote. Hongereni!"

Norris akaenda kwa Mzee Holt wakapeana mikono. Sasa, Norris ni mtu wa zamani. Kwake yeye, mkishapeana mikono, mambo yamekwisha. Kesho yake aligawa meza ya jikoni. Keshokutwa yake akagawa makochi. Kabati la nguo akalifungua vipande vipande.

"Norris, tutakula wapi?" Hilda aliuliza.

"Wiki mbili tatu tu, mke wangu. Tukae kwenye viti vya bustani."

Hayo yalikuwa majira ya machipuko. Mawaridi yakachanua. Kiangazi kikaja, kikapita. Majani yakaanza kudondoka. Kershaw wawili bado walikuwa wanakula mkate wa nyama wakiwa wamekaa kwenye viti vya bustani, sahani magotini, humo humo ndani ya nyumba!

"Norris, wakili wako anasemaje?" nilimuuliza.

"Hajasema kitu, kipenzi." Hapa kwetu kila mtu ni kipenzi, hata anayekuuzia stempu posta.

"Umempigia?"

Norris alishtuka kama nimemwambia akaibe. "Kumpigia? Bwana Pilling ana shughuli nyingi. Hatuwezi kumsumbua mtu. Akiwa na neno atasema."

Hawa ndio watu wa hapa. Ukimkanyaga mmoja mguu, yeye aliyekanyagwa ndiye anayeomba radhi. Kule kwetu nilikotoka tunasema subira yavuta heri. Lakini tunasema pia kwamba ngojangoja huumiza matumbo, na Norris alisikia ile ya kwanza tu.

Septemba ilipoingia tu, dalali akapiga simu. Hakuwa na hongera safari hii. Mzee Holt amechoka kungoja. Hataki majira mengine ya baridi peke yake. Wasipobadilishana mikataba mwezi huu, atamuuzia mtu mwingine, na huyo mwingine yupo tayari.

Nilikuwepo. Norris aliiweka simu chini, akasimama katikati ya chumba bila la kufanya. Hilda hakulia. Alitazama mlango, akatazama mikono yake, akasema, "Basi." Neno hilo lilinichoma. Nilitoka hapo hapo, nikavuka barabara, nikagonga kwa Rukhsana.

Rukhsana tumemwona akikua mtaani humu. Leo ni wakili, na kazi yake ni hiyo hiyo ya mauzo ya nyumba, ila ofisi yake iko Blackburn. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini. Alikuja na koti lake.

Alipoingia alisimama. "Mjomba Norris, meza iko wapi?"

"Nimeigawa."

"Na makochi?"

"Nimeyagawa pia."

"Mmeshabadilishana mikataba?"

"Tumepeana mikono, kipenzi."

Rukhsana alishika kichwa. "Yarabi! Mjomba, mkono si mkataba. Katika nchi hii, kukubaliana bei ya nyumba hakumfungi mtu. Mzee Holt anaweza kubadilika leo. Kayleigh anaweza. Hata wewe unaweza. Kinachofunga ni siku ile mawakili wanapobadilishana mikataba iliyotiwa saini. Kabla ya siku hiyo usigawe hata kijiko. Usiagize lori. Usiombe likizo kazini."

Norris alikaa. Kiti cha bustani kikalia.

"Sawa," Rukhsana akasema kwa upole. "Bwana Pilling alikuuliza nini mara ya mwisho?"

"Mwezi wa Juni aliniuliza habari za ukuta."

"Ukuta gani?"

Norris alionyesha jikoni kwa kidole. Zamani, walipokuwa vijana, jiko lilikuwa dogo. Sikukuu moja ya Pasaka Norris na ndugu yake waliubomoa ukuta wa katikati, wakaweka boriti ya chuma juu. Kibali cha halmashauri hawakuomba. Nani aliyekuwa anaomba wakati ule? Sasa wakili wa Kayleigh anataka kujua kibali kiko wapi.

"Nilimwambia Bwana Pilling nitaangalia," Norris alisema. "Hakuuliza tena. Nikaona basi, si muhimu."

"Naye anangoja jibu lako! Wakili wa Kayleigh anamngoja Bwana Pilling. Benki inayomkopesha Kayleigh inamngoja wakili wake. Mzee Holt anawangoja ninyi. Kila mtu ana adabu, kila mtu amenyamaza!"

Hilda aliinua kichwa. Kiharusi kilimchukua mguu, si akili. "Na Mzee Holt? Yeye nani anamngoja?"

"Swali zuri, Shangazi Hilda. Mjomba, mpigie dalali. Muulize mnyororo wetu una nyumba ngapi."

"Mnyororo?"

"Wewe muulize tu. Ana wajibu wa kujua."

Norris alipiga. Aliomba radhi mara tatu kabla hajauliza. Rukhsana alichukua pakiti ya biskuti, na kwa kuwa meza hakuna, akazipanga kwenye sinia magotini kwa Hilda. Norris alikuwa anasikiliza simu na kurudia kwa sauti anayoambiwa, na Rukhsana anaweka biskuti.

Biskuti ya kwanza, nyumba hii ya Norris, anayoinunua Kayleigh. Ya pili, nyumba ya Mzee Holt. Ya tatu, nyumba ndogo kule Morecambe, ufukweni, anakotaka kwenda Mzee Holt. Wenyewe ni mwalimu na mumewe, wana pacha, na nyumba imewabana. Ya nne, nyumba ya Lancaster wanayoinunua hao wenye pacha. Ya tano, nyumba ya mawe karibu na Kendal, kule kwenye milima na maziwa, wanakotaka kwenda hao wa Lancaster. Mwenyewe ni bibi mzee anayekwenda kukaa kwa binti yake.

"Nyumba tano," Rukhsana alisema. "Hakuna anayeweza kutoka mpaka anayemfuata atoke. Mikataba yote inafungwa siku moja. Wote wanahama siku moja."

Nilizitazama zile biskuti tano nikawaona watu. Nilimwona bibi wa Kendal amekaa katikati ya maboksi yake, milima dirishani, hajui kwa nini hatoki. Nilimwona mwalimu wa Morecambe na watoto wake wawili kitanda kimoja. Watu hao hatujawahi kuwaona. Hawajui jina letu. Na wote wamekwama kwa sababu ya ukuta wa jikoni ambao Norris aliubomoa Pasaka moja, kabla pacha wale hawajazaliwa!

"Makubwa haya," nilisema.

"Watu wote hao," Hilda alisema polepole. "Norris, sisi tumewashika watu wote hao."

Norris kwa fadhaa alinyoosha mkono, akachukua biskuti, akaitia mdomoni.

"Mjomba!" Rukhsana alipiga kelele. "Umekula nyumba ya Mzee Holt!"

Tulicheka mpaka Hilda akapaliwa. Tulihitaji kicheko kile.

Lakini Norris ni mtu mwaminifu. Alipomaliza kutafuna, alishika tena simu. "Nawapigia halmashauri sasa hivi. Nitakiri. Waje wauone ukuta, yaishe."

"Weka simu chini!" Rukhsana aliruka. "Tafadhali, mjomba. Usipige."

"Kwa nini? Kusema kweli ni kosa?"

"Sikiliza. Kwa kazi za zamani kama hizi kuna bima. Unalipa mara moja tu, na halmashauri ikija kudai baadaye, bima inamlinda mwenye nyumba. Lakini kampuni ya bima inauliza kwanza: je, mmeshaiambia halmashauri? Mkishawaambia, bima hampati. Kisha mtangoja wakaguzi, na Mzee Holt hatangoja. Kwa hiyo kabla ya kumpigia mtu yeyote, muulize wakili wako."

"Si ni kumficha Kayleigh?"

"Ungemficha kama ungenyamaza. Wewe utamwambia Kayleigh kwa maandishi kwamba ukuta ulibomolewa bila kibali. Na ili alale salama, utamwita mhandisi wa majengo aitazame ile boriti. Bima ni kwa ajili ya karatasi. Mhandisi ni kwa ajili ya kichwa cha mtu atakayelala chini yake."

Norris alifikiri. Akakubali. "Hilo ni la haki."

"Na kuanzia kesho, mjomba, unampigia Bwana Pilling kila wiki. Muulize: tunamngoja nani? Anangoja nini? Mimi nifanye nini leo? Halafu ukiulizwa swali, jibu siku hiyo hiyo, hata kama jibu ni sijui. Kuulizia mambo yako mwenyewe si kusumbua."

Asubuhi yake nilisikia kila kitu ukutani. Sikutega sikio. Nilikuwa karibu na ukuta tu.

"Bwana Pilling? Samahani sana, najua una kazi, samahani kukusumbua..."

"Norris!" Ilikuwa sauti ya Hilda. "Bila samahani!"

Norris akakohoa, akauliza maswali yake. Baadaye alikuja mlangoni kwangu macho yamemtoka. "Unajua kaniambia nini? Kaniambia, afadhali umepiga, Bwana Kershaw, nilikuwa nakungoja wewe! Tangu Juni, kipenzi. Kila mmoja alikuwa anamwonea mwenzake haya."

Mambo yakaanza kwenda. Mhandisi alikuja na ngazi na tochi. Akaigonga boriti, akaipima, akashuka anacheka. "Mzee, boriti hii itatuzika sote." Akaandika hivyo hivyo kwa maneno ya kikazi. Bima ikapatikana. Wakili wa Kayleigh akaridhika, na benki ikaridhika.

Kuna jambo moja lilinishangaza kuliko hayo yote. Kabla hujanunua nyumba, wakili anapeleleza ardhi. Anauliza kama barabara itapita hapo, maji machafu yanakwenda wapi, na huku kwetu Lancashire anauliza pia chini kuna nini. Maana chini ya miji yetu kuna machimbo ya makaa ya mawe ya tangu enzi za mababu. Majibu ya nyumba ya Mzee Holt yalikuja na ramani. Chini ya nyumba yenyewe ardhi ni nzima. Lakini mbele kidogo, chini ya kilima, njia za wachimbaji zimechorwa moja moja, zimepinda kama mizizi.

Hilda aliweka kidole juu ya ramani. "Hapa," alisema. "Hapa ndipo baba yangu alipokuwa anachimba. Alikuwa anatoka kabla hakujacha na kurudi jua limezama. Sikuwahi kujua alikuwa anakwenda wapi huko chini. Na wao wanajua? Wameiandika njia yake?"

"Wanajua, Shangazi Hilda," Rukhsana alimwambia. "Ndiyo maana upelelezi unachukua muda. Si uvivu wote. Kucheleweshwa na kazi ni kitu kingine, na kucheleweshwa na ukimya ni kitu kingine."

Hilda aliiomba ramani ile akae nayo. Alikaa nayo jioni nzima.

Zikabaki siku chache mwezi uishe. Siku ya kubadilishana mikataba Rukhsana hakwenda ofisini. Alikaa nasi akatueleza kinachotendeka, maana kwa macho hakuna cha kuona. Wakili wa Kayleigh anampigia Bwana Pilling: mteja wangu yuko tayari, nakupa mpaka jioni. Bwana Pilling anampigia wakili wa Mzee Holt. Huyo anapiga Morecambe. Morecambe wanapiga Lancaster. Lancaster wanapiga Kendal. Wa Kendal akisema ndiyo, ndiyo ile inarudi njia nzima, nyumba kwa nyumba, mpaka huku chini kwa dereva wa basi.

"Na mmoja akisema hapana?" Norris aliuliza.

"Hakuna anayefungwa. Tunaanza upya kesho."

"Na Mzee Holt?"

Rukhsana aliitazama simu. Tulijua wote.

Tulikaa. Chai ilipoa, nikapika nyingine, nayo ikapoa. Nilikuwa namwaza bibi wa Kendal, mtu nisiyemjua, nikamwombea dua akubali. Hilda alikuwa ameshika mkono wa kiti chake.

Simu ililia jioni. Norris alisikiliza. Akasema ndiyo, akasema ndiyo tena. Kisha akageuka, na mwanaume yule mzima machozi yalikuwa yanamtiririka. "Tumebadilishana," alisema. "Wote. Ijumaa ya wiki ijayo tunahama."

"Sasa," Rukhsana alisema, "ndiyo uagize lori."

Ijumaa ile sitaisahau. Vitu vyote vilikuwa kwenye lori tangu mapema, na sisi tumekaa kwenye maboksi. Funguo hazitolewi mpaka fedha ifike. Benki ya Kayleigh inaituma kwa wakili wake, inakuja kwa Bwana Pilling, inakwenda kwa wakili wa Mzee Holt, inapanda Morecambe, Lancaster, hadi Kendal, na kila inapofika mlango mmoja unafunguka. Nilitoka nje nikasimama kwenye vidato. Mtaa ulikuwa kimya, paka anavuka. Nami nilijua kwamba saa hiyo hiyo, mpaka kule milimani, malori yanangoja, watoto wamevaa makoti, bibi amefunga mlango wake kwa mara ya mwisho. Hakuna anayemjua mwenzake, na wote wanainuka na kusogea pamoja. Nilisema Subhanallah kwa sauti, peke yangu barabarani.

Ndani, Norris alikuwa ameshampigia Bwana Pilling mara mbili na anataka kupiga ya tatu. Si alijifunza!

"Mjomba, leo mwache afanye kazi," Rukhsana alimwambia, akamnyang'anya simu.

Ilipobaki kidogo iwe saa sita mchana, ile simu ikalia mkononi mwa Rukhsana. Fedha imefika. Kayleigh alikuwa ameshasimama nje na boksi lake, anacheka na kulia. Tulimshusha Hilda vile vidato vitatu, Norris nyuma, mimi mbele. Hilda hakufanya mzaha wowote.

Kwenye nyumba mpya ilikuwa vurugu. Wapagazi wanauliza kitanda kiwekwe wapi, Norris anatafuta birika, mimi nafungua maboksi. Tukatafuta na vikombe. Kisha Norris akaita, "Hilda! Chai!"

Akaenda chumbani. Hayupo. Akaenda bafuni. Hayupo. Alirudi uso umempauka. "Jirani, umemtoa wewe?"

"Mimi? Nilidhani uko naye."

Tulikimbilia mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Hilda alikuwa kule mwisho wa njia ya bustani, penye geti, kiti chake kimeelekea barabarani, anazungumza na mwanamke aliyekuwa anapita na mbwa.

"Hilda!" Norris aliita. "Nani kakutoa?"

Hilda aligeuka. Alimtazama kama hajalielewa swali.

"Hakuna," alisema. "Nimetoka."

Norris alishika fremu ya mlango. Nilijua anataka kuomba radhi, kama kawaida yao, ila hakujua aombe kwa lipi.

"Rudi ndani, Norris," Hilda akamwambia, na akamgeukia tena yule mwanamke wa mbwa. "Nitakuja nikitaka."